Gihosha Moja, Anwani Tatu: Kwa Nini Programu Iliyotengenezwa Hupimwa Tena

Askari aliyeandikishwa mwaka 2010, akataja kuwa makazi yake ni Gihosha, aliandikwa katika daftari kuwa mkazi wa komini ya Gihosha, mojawapo ya komini 13 za jiji la Bujumbura. Mdogo wake aliyemfuata jeshini mwaka 2018, akitoka nyumba ile ile na kupita njia ile ile, aliandikwa kuwa mkazi wa zoni ya Gihosha katika komini ya Ntahangwa, kwa kuwa zile komini 13 zilikwisha kuunganishwa zikawa tatu: Muha, Mukaza na Ntahangwa. Kijana wa tatu wa nyumba hiyo akiandikishwa leo, ataandikwa chini ya mkoa mpya wa Bujumbura, mmoja wa mikoa mitano iliyochukua nafasi ya ile 18 mwaka 2025, wakati komini za nchi nzima zilipopunguzwa kutoka 119 hadi 42. Kilima cha Gihosha hakikuhama, na mto Ntahangwa ungali unapita pale pale ukila kingo zake kila masika. Kilichohama ni maandishi.

Kwa karani wa zamani mwenye kalamu na daftari, jambo hili halikuwa na uzito. Alipoliona neno Gihosha alijua ni wapi, na kama hakujua aliuliza. Kompyuta haiulizi. Ikiwa imeagizwa kulikubali neno hilo katika safu ya komini, italikubali; ikiwa imeagizwa vinginevyo, italikataa, na pamoja na neno hilo itamkataa mtu mzima, na jina lake, na cheo chake, na namba yake ya utumishi, na mshahara wake. Ndiyo sababu tumeona yafaa kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na wa polisi juu ya kazi moja isiyo na nishani wala gwaride, nayo ni kazi ya kuipima upya programu inayopokea mafaili ya orodha, kila mara programu hiyo inapoguswa.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Orodha za watu, za dawa, za sare na za mafuta hutoka vikosini zikiwa mafaili ya kompyuta, nazo huelekea katika ofisi mbalimbali. Ofisi ya mishahara ina programu yake, hospitali ina yake, ghala nalo lina yake. Kila moja ya programu hizo ingeweza kufundishwa peke yake namna ya kusoma mafaili, lakini hiyo ingekuwa sawa na kuipa kila platuni karakana yake ya bunduki. Kwa hiyo mafundi huandika fungu moja la maagizo lenye kazi hiyo tu, yaani kulifungua faili, kulisoma na kulikabidhi kwa programu nyingine, na programu zote huazima hapo. Fungu hilo huitwa maktaba ya programu. Faida yake ni kwamba kasoro ikirekebishwa mahali pamoja, wote hupona. Hatari yake ni kwamba kasoro ikiingia mahali pamoja, wote huugua siku moja.

Tulipata kushuhudia, katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, kisa cha koplo mmoja aliyekosa mshahara. Jina lake lilikuwa la mwisho katika orodha ya kikosi chake. Karani aliyeiandika orodha hiyo, alipomaliza mstari wa koplo, hakubonyeza kitufe cha kushuka mstari. Alilihifadhi faili kama lilivyo akalituma. Programu ya kupokea ilikuwa na desturi ya kuutambua mstari kwa kuiona alama ya mwisho wake. Mstari wa koplo haukuwa na alama hiyo, basi kwa programu haukuwa mstari. Hapakutokea onyo lolote. Orodha ilipokewa, wenzake wakalipwa, yeye akabaki. Alizunguka maofisini wiki tatu akiulizwa kama ana hakika kuwa yumo kikosini, mpaka fundi mmoja alipoketi kuihesabu mistari iliyoingia na iliyotoka, akaona upungufu wa mmoja. Kasoro ilirekebishwa siku hiyo hiyo, na koplo akalipwa malimbikizo yake.

Laiti kisa kingeishia hapo. Miezi michache baadaye fundi mwingine, kijana mwenye bidii, aliona kwamba programu inasoma mafaili makubwa polepole mno. Akaiandika upya sehemu ya kusoma mistari, ikawa nyepesi ajabu. Aliipima kwa mafaili aliyokuwa nayo mezani, yote yakasomeka, akasifiwa. Mwisho wa mwezi koplo yule yule akakosa mshahara kwa mara ya pili. Kasoro ya zamani ilikuwa imerudi, kwa kuwa aliyeandika upya hakujua kamwe kwamba iliwahi kuwapo. Na yule aliyeirekebisha mara ya kwanza alikuwa amekwisha kuhamishwa, na ujuzi wake umehama naye. Safari hiyo mtoto wa koplo aliyekuwa sekondari alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na mkewe akawa anakwepa kupita mbele ya duka alilokopa. Hatukumsikia koplo akilalamika sana. Alisema tu kwamba mara ya kwanza alielewa, lakini mara ya pili hakuelewa.

Twaona kwamba koplo alikuwa na haki. Programu haichakai kama bunduki, haipati kutu wala vumbi, lakini kila inapotengenezwa yaweza kuharibika pale palipokuwa pazima. Frederick Brooks, aliyeongoza huko Marekani kazi ya kuandika mfumo mkuu wa kompyuta za IBM katika miaka ya 1960, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba kila kasoro inaporekebishwa ipo nafasi ya asilimia 20 hadi 50 ya kuzaa kasoro nyingine. Hayo ni maneno ya mtu aliyekuwa na mafundi wengi na fedha nyingi. Vijana wetu wawili watatu wenye kompyuta kuukuu hawana sababu ya kudhani kwamba wao watasalimika.

Dawa yake ni ya zamani na ni nyepesi kuielewa. Kila faili lililowahi kuisumbua programu huwekwa akiba, na kando yake huwekwa faili la pili lenye matokeo sahihi, yaani jinsi orodha ile ilivyopasa kusomeka. Programu ikiguswa, hata kwa neno moja, mafaili yote ya akiba hupitishwa tena tangu la kwanza hadi la mwisho, na kompyuta yenyewe hulinganisha kilichotoka na kilichotarajiwa, herufi kwa herufi. Tofauti ikitokea, kazi husimama mpaka ielezwe. Mafundi huyaita haya majaribio ya marudio. Lau fundi wa kwanza angaliweka akiba faili dogo la mistari mitatu, la mwisho likikosa alama yake, fundi wa pili angalijua kosa lake kabla chai haijapoa.

Msomaji aliyepita chuo cha kadeti hatastaajabu. Fundi wa silaha akibadilisha springi moja tu ya bunduki, haijaribu springi ile peke yake. Hukoki, hujaribu usalama, hufyatua bila risasi, hutazama magazini inavyoingia na kutoka, ndipo huiandika bunduki kuwa ni nzima. Wala hamwulizi askari kama anadhani sehemu nyingine zingali salama.

Wala wanajeshi si wageni katika majaribio ya programu. Grace Hopper, ofisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, alistaafishwa mwaka 1966, lakini mwaka uliofuata aliitwa tena kazini ili aweke utaratibu katika matumizi ya lugha ya kompyuta iitwayo COBOL. Watengenezaji mbalimbali wa kompyuta walidai kwamba mashine zao zinaielewa lugha hiyo, na kila mmoja aliielewa kwa namna yake. Hopper na watu wake waliandaa mkusanyiko wa programu za kupimia, wakampitisha kila mtengenezaji humo.

Gharama ya kurekebisha upande mmoja na kuusahau mwingine ilionekana katika Vita vya Ghuba. Usiku wa tarehe 25 Februari, 1991, kombora aina ya Scud liliiangukia kambi ya wanajeshi wa Marekani mjini Dhahran, Saudi Arabia, likawaua askari 28. Mtambo wa Patriot uliowekwa kuyadungua makombora ya namna hiyo ulikuwapo, ukiwa macho, lakini haukufyatua. Saa ya ndani ya mtambo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na namba hiyo ilipogeuzwa kwa ajili ya hesabu ilipotea sehemu ndogo sana. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo, na upotevu ule ukawa umefikia theluthi moja ya sekunde. Kwa kombora liendalo kwa kasi ile, huo ni umbali wa zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitazama mahali ambapo kombora halipo. Jambo la kuhuzunisha zaidi ni kwamba njia bora ya kuigeuza saa ilikuwa imekwisha kuandikwa na kuingizwa katika baadhi ya sehemu za programu, lakini si zote. Hivyo sehemu moja ilihesabu kwa saa mpya na nyingine kwa saa ya zamani. Programu iliyosahihishwa iliwasili Dhahran tarehe 26 Februari, siku moja baada ya shambulio.

Mfano wa pili hauna mizinga, nao unahusu mafaili hasa. Uingereza, kati ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba, 2020, watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na ugonjwa wa UVIKO-19 hawakuingia katika hesabu za kila siku kwa wakati wake. Maabara zilituma orodha zao zikiwa kamili. Lakini orodha hizo zilipoingizwa katika faili la Excel la aina ya zamani, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536, mistari iliyozidi ilikatwa. Wagonjwa wenyewe waliarifiwa majibu yao. Waliokaa nao karibu hawakutafutwa mapema kama ilivyopasa. Kikomo kile kilijulikana kwa miaka mingi. Jaribio moja tu la faili lenye mistari 65,537 lingalitosha kukifichua.

Turudi kwetu. Jioni moja tulipanda Gihosha kumtembelea fundi kijana anayelitunza fungu la maagizo la namna hii. Chumba chake kina meza mbili, betri ya akiba iliyofunikwa kitambaa, na dirisha ambalo huonyesha kipande cha ziwa Tanganyika hewa inapokuwa safi. Tulitarajia kuona mashine kubwa. Alichotuonyesha ni mafaili madogo madogo, mengi yakiwa na mistari isiyozidi kumi, kila moja na jina linaloeleza ugonjwa wake. Tulimwuliza mbona mengine yana mtu mmoja tu.

“Afande, kosa likionekana kwa mtu mmoja, wa pili wa nini?” alijibu.

Tulijifunza kwake kwamba nchi yetu, kwa historia yake, ni shamba la rutuba kwa kasoro za mafaili. Ofisi zetu zimezoea desturi za Kifaransa, ambapo namba ya desimali hutumia mkato. Kwa sababu hiyo kompyuta iliyopangwa Kifaransa hutenganisha safu za orodha kwa nuktamkato. Majirani zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye kompyuta zilizopangwa Kiingereza, hutenganisha safu kwa mkato. Tangu Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu askari wetu walipokwenda Somalia mwishoni mwa mwaka ule ule wakafanya kazi bega kwa bega na Waganda, mafaili ya aina zote mbili yamekuwa yakikutana katika meza moja. Programu iliyozoea nuktamkato, ikipewa faili la mikato, huuona mstari mzima kuwa ni jina moja refu la ajabu.

Kisha yapo majina yenyewe. Ndugu zetu wengi wana majina ya ubatizo yenye alama za Kifaransa. Herufi “é” katika mtindo wa kisasa wa kuhifadhi maandishi huchukua nafasi mbili, bali katika mtindo wa zamani huchukua nafasi moja. Faili la mtindo mpya likisomwa kwa kanuni za zamani, Désiré hugeuka kuwa “DÃ©sirÃ©”, na benki iliyoambiwa imlipe Désiré haimtambui huyo mwingine. Namba ya utumishi inayoanza na sifuri nayo hupoteza sifuri yake pindi kompyuta inapodhani kuwa ni idadi ya kujumlishwa, kana kwamba mtu angejumlisha namba za utumishi.

Tarehe ndizo zilizotushangaza zaidi. Tarehe iliyoandikwa 03/04/1985 kwetu ni Aprili 3, bali kwa Mmarekani ni Machi 4. Mafaili ya Excel huhifadhi tarehe kama hesabu ya siku, na hesabu hiyo yaweza kuanzia mwaka 1900 au 1904 kutegemea faili lilikotengenezwa, kwani kompyuta za Macintosh za zamani zilianzia 1904. Programu isiyouliza imepewa faili la aina gani yaweza kumkosea askari kwa siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja, na mtu huyo akastaafishwa mapema au akacheleweshwa. Tena Nairobi na Dar es Salaam ziko mbele yetu kwa saa moja. Mtoto aliyeandikwa huko kuwa kazaliwa tarehe 1 Januari, 1985, saa sita kamili ya usiku, akisomwa na programu ya Bujumbura iliyojifanya hodari wa kugeuza saa, atakuwa kazaliwa tarehe 31 Desemba, 1984, saa tano ya usiku. Amezeeka mwaka mzima kwa kuvuka mpaka.

Na mahali pa kuzaliwa! Katika faili moja la akiba lilikuwamo neno Usumbura, kwani ndivyo mji huu ulivyoitwa kabla ya uhuru wa mwaka 1962, na wazee wetu wastaafu wamezaliwa huko. Lilikuwamo neno Cibitoke, ambalo lilikuwa jina la mkoa mzima na papo hapo jina la mtaa wa Bujumbura, na Kanyosha iliyokuwapo jijini na nyingine katika Bujumbura ya vijijini. Na yalikuwapo mafaili matatu yenye jina Gihosha, ya anwani zile tatu tulizozitaja mwanzo.

Mabadiliko ya mwaka 2025 yalipoanza kutumika, mwenzake alimshauri aifute orodha ya zamani ya komini na kuweka mpya ya 42. Ushauri ulikuwa na mantiki, na ulichukua dakika kumi kutekelezwa. Majaribio ya marudio yalipopitishwa, faili moja kati ya yale matatu ya Gihosha lilikataliwa. Yule askari wa mwaka 2010 alikuwa amepoteza makazi yake, yeye na wote walioandikishwa katika komini zilizokufa. Waliketi wakashauriana, wakaamua kwamba programu isome kwanza mwaka wa kuandikishwa, kisha ichague orodha ya komini iliyokuwa ikitumika mwaka huo. Kazi hiyo ilichukua siku nne badala ya dakika kumi.

Hapa twagusa jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo gumu kuliko yote. Kuyaandika majaribio si kazi. Kazi ni kuyatunza. Jaribio linapokataa, mambo mawili yawezekana: ama programu imeharibika, ama kanuni yenyewe imebadilika kihalali na jaribio limebaki nyuma. Kuna amri moja nyepesi ambayo mafundi wote wanaijua, ya kuyafanya matokeo ya leo yawe ndiyo matokeo sahihi. Ukiitoa, alama zote nyekundu hugeuka kijani kwa nukta moja. Fundi aliyechoka saa nne ya usiku huiona amri hiyo kama rafiki. Ni sawa na mlinzi wa lindo aliyesikia kishindo gizani, akaandika katika daftari la zamu kwamba kishindo ni hali ya kawaida ya mahali hapo. Kijana wa Gihosha amejiwekea sharti kwamba tokeo sahihi halibadilishwi na mtu mmoja. Mwenzake husoma tofauti mstari kwa mstari, na sababu huandikwa kwa maneno kando yake.

Yapo pia majaribio maongo. Jaribio moja lilikuwa likipita kwenye kompyuta moja na kukataa kwenye nyingine, na baada ya siku mbili za kutafuta ikaonekana kwamba moja imepangwa Kifaransa na nyingine Kiingereza. Jingine lilikataa kila tarehe 1 ya mwezi tu, kwa kuwa ndani yake lilitumia tarehe ya siku hiyo. Majaribio ya namna hii yana sumu, kwani huwazoeza watu kusema “hilo ndilo tabia yake”, na siku litakapokataa kwa haki hakuna atakayelitazama. Ama litengenezwe, ama liondolewe na sababu iandikwe.

Umeme nao una sehemu yake. Mjini Bujumbura umeme hukatika bila taarifa, na majaribio yakiwa katikati hukatika nayo. Fundi wetu aligundua mapema kwamba taarifa ya majaribio ilikuwa ikihesabu yaliyokataa tu. Basi zoezi lililokatika katikati bila kukataa hata moja lilionekana kuwa limefaulu. Sasa taarifa hutaja kwanza mafaili mangapi yalipaswa kupita na mangapi yamepita kweli. Ameyagawa mafungu mawili: madogo hupitishwa kila anapobadilisha neno, nayo humaliza kwa dakika mbili, makubwa, yenye mistari maelfu kwa maelfu, huachiwa usiku. Tuliona ni busara, kwa kuwa zoezi refu kupita kiasi askari hulikwepa.

Tulimwuliza kama mafaili yale yana majina ya watu wa kweli. Hayana. Faili la kweli likileta kasoro, yeye hulipunguza mpaka ubaki ule mstari tu unaouma, kisha hubadilisha jina, namba na kituo kwa vya kubuni vyenye umbo lile lile: sifuri mahali pa sifuri, “é” mahali pa “é”. Orodha ya kikosi ni siri, na haiachi kuwa siri kwa sababu imekwenda kwa fundi. Tungependa jambo hili lisisitizwe na kila mkuu wa ofisi, maana tumewahi kusikia orodha kamili zikipelekwa kwa mafundi ndani ya kifaa cha mfukoni.

Huenda msomaji akauliza kama bidii yote hii haizidi kiasi. Tumpe mfano wa SQLite, maktaba ya programu ya kuhifadhi kumbukumbu ambayo leo imo karibu katika kila simu ya kisasa mifukoni mwetu. Ilianzishwa mwaka 2000 na Mmarekani Richard Hipp, alipokuwa akifanya kazi ya programu kwa ajili ya manowari ya USS Oscar Austin, ya kuwasaidia mabaharia kukabiliana na uharibifu melini. Wenye maktaba hiyo walieleza mwaka 2023 kwamba maandishi ya majaribio yake yalikuwa mara 590 ya maandishi ya maktaba yenyewe. Sharti lao ni kwamba kasoro haihesabiwi kuwa imerekebishwa mpaka liwepo jaribio ambalo lingaliifichua. Karibu nasi, mfumo wa takwimu za afya uitwao DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011 na ambao Burundi nayo inautumia, hupokea mafaili kutoka hospitali na zahanati, na maagizo yake yamewekwa wazi pamoja na majaribio yake, kila mwenye kutaka ayasome.

Lipo jambo ambalo karani wa kikosi na wa kituo cha polisi aweza kulifanya bila kujua lolote la programu. Orodha ikikataliwa, wengi wetu huifungua, huisahihisha kwa mkono, huituma tena, na ikipokewa husahau. Polisi hawahitaji kuelezwa ubaya wa kuosha mahali palipotendeka tukio kabla ya mpelelezi kufika. Faili lililokataliwa litumwe kwa fundi kama lilivyo, pamoja na jina la programu iliyolitengeneza na tarehe. Nakala iliyosahihishwa ifuate peke yake. Na mwanzoni mwa kila orodha iandikwe idadi ya watu waliomo. Programu ya Gihosha sasa huisoma idadi hiyo kabla ya jina la kwanza, na ikihesabu pungufu hata ya mtu mmoja huikataa orodha nzima na kumtaja aliye wa mwisho.